Shangazi, mume wangu anakunywa dumu la mlonge ili dawa za TB zisimharibu ini, nimwache au nimzuie?

Shangazi shikamoo. Naomba uisome yote hata kama ni ndefu maana sina mtu mwingine wa kumuuliza bila maneno kuzunguka hadi yafike ukweni.

Mimi naishi Igoma hapa Mwanza, nina mume na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Mume wangu anafanya kazi Mwaloni Kirumba, anabeba magunia ya dagaa, mtu wa nguvu kabisa, ila kuanzia mwaka jana mwishoni alianza kukohoa na kutoka jasho usiku mpaka shuka nalianika kila asubuhi, kutoka kilo 66 akashuka hadi 57. Tulivyoenda akapimwa makohozi wakasema TB, akaanzishiwa dawa, vidonge vinne kila asubuhi kabla hajala. Sasa hivi yuko wiki ya sita. Nesi alituambia mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa tusishtuke, na kweli ulikuwa kama Fanta, hatukushtuka. Kikohozi kilipungua, jasho likakata, nikamshukuru Mungu.

Wiki ya tatu mama mkwe akaja kutoka Magu kumuona mwanae. Ni mtu mwema Shangazi, sisemi vibaya juu yake, alikuja na mchele na kuku na dumu la lita tano la dawa. Alisikia kwa watu kwamba dawa za TB zinakula ini, kuna jirani yao alikufa akiwa kwenye dozi macho yamekuwa ya njano. Kwahiyo akaenda kwa mzee mmoja gulioni akanunua hiyo dawa elfu 20, ina majani ya mlonge, ina binzari, na ina mizizi mingine ambayo mzee hakumtajia jina. Anakunywa glasi asubuhi nusu saa baada ya vidonge, na glasi jioni. Mzee alisema kabisa msiwaambie manesi, watawafokea.

Mimi nilisitasita ila shemeji yangu anayesoma chuo akatutumia kwenye simu utafiti wa kizungu wa panya waliopewa dawa za TB pamoja na mlonge, ini zao zikawa nzuri kuliko za wale wasiopewa. Akasema ni sayansi kabisa, sio mambo ya waganga. Basi mie nikanyamaza.

Sasa shida ni hii. Wiki hii yote chakula hataki, nikipika dagaa akisikia tu harufu anakimbilia nje kutapika, na dagaa ndio kazi yake. Usiku anajikuna mikono na tumbo mpaka anatoka alama. Anachoka, anarudi saa tano asubuhi analala. Mkojo siku hizi sio Fanta tena, ni kama chai ya rangi iliyokolea, na hata jioni uko hivo hivo. Mwili unamuuma kwahiyo anameza panadol mbili asubuhi mbili usiku. Mayu, yaani mama mkwe, anasema hiyo ni sumu inatoka, dawa inasafisha ini, avumilie. Na tangu juzi mume wangu kaamua mwenyewe kupunguza vidonge vya hospitali, badala ya vinne anameza viwili, anasema ini lipumzike kidogo huku dumu linafanya kazi.

Naogopa kwenda kliniki maana nesi atauliza vidonge mbona vimebaki. Naogopa kumwambia mayu aache maana ataniambia huyu nimemzaa mimi. Nisaidie, je mlonge kweli unalinda ini? Aendelee na dumu au aache? Na hiyo nusu dozi ina shida?

Ni mimi, Mama Kulwa.

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeikuta saa tatu usiku na nakujibu usiku huu huu, kwasababu kuna sehemu haiwezi kusubiri. Habari za mlonge tutakuja kuongea, kwanza soma hapa.

Kesho alfajiri mpeleke hospitali. Usisubiri siku yenu ya kliniki wala usisubiri mayu akubali. Kutapika, kukosa hamu ya kula, kuwashwa mwili bila vipele, uchovu na mkojo mweusi, ukiviona vyote pamoja kwa mtu aliye kwenye dawa za TB ni dalili kwamba ini lake linaumia mpaka kipimo cha damu kithibitishe vinginevyo. Asubuhi hiyo asimeze chochote kabla hajaonwa, yaani vidonge vya TB visubiri mpaka mhudumu aseme, na dumu lisiguswe kabisa, na panadol pia aache. Nasema visubiri, sisemi aache, elewa tofauti: anakwenda siku hiyo hiyo, na wao ndio wataamua. Na kama usiku huu anaongea vitu visivyoeleweka, analala lala hovyo hata ukimwamsha, anatoka damu puani au kwenye fizi, au anatapika hata maji hayakai, usingoje kuche, tafuta bajaji au gari mwende kitengo cha dharura, Sekou Toure au Bugando, popote mtakapofika haraka.

Kukipambazuka mtoe nje kwenye mwanga wa jua, sio chini ya taa ya ndani, taa zinadanganya. Mwambie aangalie juu, wewe vuta kope ya chini kwa kidole gumba taratibu, angalia ile sehemu nyeupe pale chini ambapo huwa imejificha. Ikiwa ya njano, kama maji yaliyolowekwa binzari kidogo, hapo huna cha kujiuliza tena. Ikiwa nyeupe bado mwende vilevile, maana macho huwa yanachelewa, damu inajua kabla ya macho.

Na huo mkojo nataka wote mnaosoma muuelewe vizuri maana umewachanganya wengi. Ile rangi ya machungwa ya mwanzo inatokana na rifampisini, moja ya zile dawa nne zilizobanwa ndani ya kidonge kimoja, nyingine ni isoniazidi, pirazinamidi na ethambuto. Rifampisini inatia rangi mkojo, jasho, hata machozi, haina madhara, na mara nyingi inakolea masaa ya mwanzo baada ya kumeza halafu inapungua kadiri siku inavyokwenda. Nyongo ni jambo lingine. Ini likishindwa kuisukuma nyongo inakopaswa kwenda inarudi kwenye damu, inatokea kwenye mkojo, mkojo unakuwa kahawia kama chai uliyosema, asubuhi na jioni, na wakati mwingine choo kinakuwa cheupe cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Wewe uliona hiyo tofauti mwenyewe ukaiandika, jicho lako liko sahihi, liamini.

Sasa nusu dozi. Hapa naomba umsomee mumeo mwenyewe kwa sauti. Vidonge vinne amepewa kwasababu ya kilo zake, hawakukisia. Akimeza viwili ini lake bado linapokea dawa zilezile kila siku kwahiyo halijapumzika hata kidogo, ila mdudu wa TB anapata dozi ndogo ambayo haimuui, inamfundisha. Hapo ndipo TB sugu inapozaliwa, na matibabu ya TB sugu ni mazito kuliko haya, kwa mwili na kwa familia. Ini likiumia kweli daktari hapunguzi vidonge nusu nusu, anasimamisha zote zinazoumiza ini kwa muda, anasubiri vipimo vishuke, halafu anazirudisha moja moja huku akipima damu ili ajue ni ipi yenye kesi. Kipimo kikubwa wanachoangalia kinaitwa ALT, ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini, seli zikipasuka kinavuja kwenye damu. Kwa kawaida mtu mzima anakuwa chini ya 40 hivi, maabara zinatofautiana kidogo. Kikipanda mara tatu ya kawaida na mtu ana dalili kama za mumeo, au mara tano hata kama hana dalili yoyote, dawa zinasimamishwa. Waombe wakuandikie namba hiyo kwenye daftari lake, na siku ya kurudia kipimo.

Sio kila anayemeza anapata haya, walio wengi wanamaliza miezi yao sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, bila shida ya ini. Lakini yule jirani wa Magu ni wa kweli, mayu hakutunga. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote tatu zinaweza kuumiza ini, na isoniazidi hasa ina kisa chake. Kuna watu wamezaliwa na ini linaloivunja polepole, mwingine ini lake linaivunja haraka, ni mambo ya damu ya ukoo, na kwa wale wa polepole mabaki yake yenye sumu yanakaa muda mrefu zaidi. Kwahiyo hofu ya mayu ina msingi, na nataka umwambie hivo, kwamba Shangazi amesema hofu yako ni sahihi.

Haya, mlonge. Shemeji yako hajadanganya. Utafiti wa namna hiyo upo, ulifanyika India ukachapishwa mwaka 2002, panya walipewa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, wengine wakaongezewa dondoo la majani ya mlonge, na wale wa mlonge vipimo vyao vya ini vikawa na nafuu. Tafiti za aina hii ni nyingi mno, za mlonge, za binzari, za mimea chungu nzima ya Asia na Afrika, na mie huwa nazisoma kwa hamu kwasababu mimea imetupa dawa kubwa, mseto wa malaria unaomeza una kitu kilichotoka kwenye mmea wa artemisia. Kwahiyo simcheki mtu anayetafuta dawa kwenye majani. Ila soma hizo tafiti kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba, mstari kwa mstari.

Nyingi zinatumia sumu inaitwa kaboni tetrakloraidi, zamani ilikuwa inatumika kusafishia nguo bila maji na kuzimia moto. Wanaipenda maabara kwasababu inaharibu ini la panya haraka na kwa njia inayojulikana, ini lenyewe linajaribu kuivunja, katika kuivunja linatengeneza kipande kikali kinachounguza mafuta ya kuta za seli. Mmea wowote wenye uwezo wa kuzima kile kipande unaonekana shujaa. Lakini isoniazidi haipiti njia hiyo, parasetamo nayo ina njia yake, sumukuvu ya kwenye mahindi ina yake. Aliyeshinda sumu moja hajashinda zote.

Halafu angalia mlonge uliingia lini. Kwa panya hawa kinga inatolewa mapema, kabla ya sumu au sambamba nayo tangu siku ya kwanza. Mumeo dumu limemkuta wiki ya tatu, na sasa anaongezewa wakati ini tayari linalia. Na ule mlonge wa maabara sio wa kuchemsha kwenye sufuria, majani yanakaushwa, yanalowekwa kwenye spiriti, yanachujwa, yanakaushwa tena, yanapimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya panya. Dumu la gulioni leo limekolea kesho limechuja, na glasi ya kwanza sio sawa na ya mwisho yenye makapi.

Lakini kitu kinachonikosesha usingizi ni kingine, na sijaona watu wanakisema. Panya wale hawakuwa na TB. Walipewa dawa za TB wakiwa wazima, watafiti wakaangalia ini tu, basi. Hakuna aliyeuliza kama mdudu bado anakufa, maana mdudu hakuwepo. Na njia mojawapo ambayo mmea unaweza kulinda ini ni kuvizuia au kuvibadilisha vile vimeng'enya vinavyoivunja dawa, sasa ukibadilisha namna dawa inavyovunjwa unaweza pia kubadilisha kiasi cha dawa kinachozunguka kwenye damu, ikazidi au ikapungua. Kwa panya mzima hiyo haina hasara. Kwa mumeo mwenye mdudu kwenye mapafu hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwulize shemeji yako swali hilo moja, naye ni msomi, atalielewa.

Kwa binadamu mmea uliojaribiwa zaidi kwa ini ni mbigili fulani wa Ulaya ambao kiini chake kinaitwa silimarini, vidonge vyake vinauzwa hata kwenye maduka ya dawa ya hapa mjini. Kule Ulaya hospitali zinatumia sindano iliyotokana nao kwa watu waliokula ule uyoga wa sumu unaoua ini, kwahiyo sio mchezo. Hata huo, walipoujaribu kwa wagonjwa wa TB wanaomeza dawa, majibu yamegongana, utafiti huu unaonesha nafuu, ule hauoneshi. Kama mmea uliopimwa vile, wenye dozi inayojulikana, bado haujatoa jibu moja, mie siwezi kumwamini mzee wa gulioni asiyetaja jina la mizizi.

Na mizizi isiyo na jina ndiyo inayonitisha kuliko mlonge. Majani ya mlonge kama mboga watu wanakula, binzari ya kwenye pilau haina ugomvi na mtu. Ila kuna mimea ina sumu ya ini yenyewe, iko jamii ya marejea na mingine ina kemikali zinazoziba mishipa midogo ndani ya ini, mtu anavimba tumbo, na ukichemsha haiondoki. Kitu kilichokaushwa vibaya kinaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, mnakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua ini na wengine wakafariki kwa mahindi yenye sumukuvu. Hata binzari, ikikamuliwa ikawa vidonge vikali na kuchanganywa na kiini cha pilipili manga ili mwili uifyonze zaidi, imeleta madhara. Marekani waliokuwa wanafuatilia wagonjwa wa ini walioumizwa na dawa waliripoti mwaka 2022 watu 10 walioumizwa na binzari, baadhi ikiwa imechanganywa na kiini hicho cha pilipili manga, mmoja akafariki. Kitu kile kile ambacho kwa panya kinalinda.

Kwahiyo jibu la swali lako, dumu liache. Siwezi kukuambia dumu ndilo limemuumiza wala siwezi kukuambia ni vidonge, na hapo ndipo tatizo lilipo: daktari akiwa na vitu viwili mezani hawezi kujua amlaumu nani, na anaweza kusimamisha dawa nzuri ya TB kwa kosa la mzizi. Kikitolewa kimoja anaona njia.

Panadol nazo. Vidonge vinne kwa siku ni gramu mbili, mtu mzima mzima hazidishi gramu nne, vidonge nane, kwahiyo hajavuka. Lakini ini linahitaji akiba yake, kuna kitu kinaitwa glutathayoni kinachoifunga sumu ya parasetamo kabla haijaunguza, na mtu asiyekula wiki nzima akiba hiyo inakwisha. Mwambie daktari ameza ngapi na tangu lini. Hujaandika habari za pombe, kama anakunywa, iwe bia au gongo, useme pia.

Kingine ambacho sisi wa kandokando ya ziwa tunakisahau. Ini la mtu wa huku mara nyingi lina mzigo kabla dawa yoyote haijaingia. Kichocho cha tumbo kipo sana ziwani, mayai yake yanakwama kwenye ini miaka kwa miaka yanaacha makovu, na mtu amekulia Magu anaoga ziwani, anafanya kazi Mwaloni, nani amempima? Homa ya ini B nayo ipo na haina kelele, mtu anatembea nayo hajui. Omba wampime homa ya ini B, kama hawajampima VVU wampime, na waulize kama kuna haja ya kumwangalia ini kwa utrasaundi. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli, ila daktari ndiye aseme aimeze lini, sio sasa hivi kwa kujiamulia.

Sasa kuhusu nesi. Mwanangu, mie nimekaa kliniki ya kifua miaka mingi kabla sijastaafu, na nitakuambia kitu ambacho bado kinaniuma. Kuna kijana alikuja na mama yake, nikahesabu vidonge nikakuta vimebaki, nikamfokea mbele ya foleni nzima. Mama yake alikuwa amebeba chupa ya mitishamba ndani ya kitenge, niliona shingo ya chupa, alivyosikia nafoka akaisukumia ndani zaidi. Sikuuliza. Alirudi baada ya wiki mbili macho ya njano na tumbo limejaa, na ile chupa hatukuwahi kujua ina nini. Kwahiyo yule mzee aliyesema msiwaambie manesi watawafokea, alikuwa anaongea habari zangu mimi. Ndiyo maana nakuomba uende hata kama utafokewa. Ukianza kufokewa sema hivi tu, nesi, ini lake linaumia, naomba apimwe kwanza ALT halafu nifokee baadaye. Mpe karatasi uliyoandika: siku aliyoanza dawa, siku aliyoanza dumu, siku aliyoanza kutapika, siku aliyopunguza vidonge na vimebaki vingapi. Hiyo karatasi ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Dawa za TB ni bure ila beba hela kidogo au kadi ya bima kwa ajili ya vipimo vya damu.

Mtoto wenu wa miaka mitatu mmempeleka kuangaliwa? Anayekaa na mgonjwa wa TB akiwa chini ya miaka mitano anatakiwa achunguzwe, na akikutwa hana TB apewe dawa ya kinga. Mchukue hiyo hiyo kesho, kama hamna wa kumwachia ndio vizuri kabisa. Na wewe mwenyewe, unakohoa?

Nimebakiza mayu. Usimwambie dawa yako imemuumiza mwanao, hakuna anayejua, na yeye alifanya alichoweza kwa hela yake ya mpunga. Mpigie magoti kama mnavyofanya kwenu, umwambie mayu, ulisema dawa za hospitali zinaweza kula ini, umesema kweli, tunaomba twende wote wakampime hilo ini tuone. Mpe kazi. Akae naye kwenye foleni, yeye ndiye awe anamwangalia macho kila asubuhi kwenye jua, mama hakosei macho ya mwanae. Akitaka kumpa mlonge, ampikie mboga wakati daktari ameshasema ini limetulia, na amwambie daktari. Akitaka kurudi kwa yule mzee, arudi na swali moja, mizizi inaitwaje, hata kwa Kisukuma, atuletee jina. Tiba asili nchi hii ina sheria yake tangu 2002 na ina baraza lake, mganga aliyesajiliwa hana sababu ya kuficha jina la mti wala kumkataza mgonjwa kuongea na nesi. Anayekuambia ficha, huyo mkimbie.

Dumu mwende nalo. Likiwa zito mimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita, lakini litikise kwanza ili makapi ya chini yaingie, na kama kuna kipande cha mzizi kimebaki kifunge kwenye kikaratasi. Lililobaki lifunge uliweke juu mtoto asifike, usilimwage wala usilioshe mpaka wakuambie hawalihitaji. Ukitoka maabara niandikie namba ya ALT, saa yoyote, simu yangu iko wazi.